Umeuza hisa Marekani? Kwanza niambie ulizinunua lini

Msimu wa kodi ukifika, ndugu zetu wanaoishi Marekani huniuliza: "Nimeuza hisa, nitakatwa ngapi?" Bila tarehe ya kununua na ya kuuza, sina jibu.

Sheria ya huku Marekani inaangalia mali umekaa nayo muda gani. Ukiuza kabla ya kupita mwaka mmoja, faida ni ya muda mfupi; inajumlishwa na mshahara na kutozwa kwa viwango vilevile vya asilimia 10 hadi 37. Ukipitisha mwaka, hata kwa siku moja, faida inakuwa ya muda mrefu, na viwango vyake ni vitatu: 0, 15 na 20. Siku zinaanza kuhesabiwa kesho yake baada ya kununua. Aliyenunua Machi 10, 2024 akauza Machi 10, 2025 bado ni wa muda mfupi. Angelala usiku mmoja tu!

Watu hawaamini hicho kiwango cha sifuri, hudhani ni cha matajiri wenye wanasheria. Chukua dereva wa lori na mkewe anayehudumia wazee, wanaojaza fomu pamoja. Mwaka 2025 mishahara yao ni dola 90,000, na wamepata faida ya 10,000 kwenye hisa. Toa punguzo la kawaida la wanandoa, yaani sehemu ya kipato isiyotozwa kodi, dola 31,500, kinabaki kipato cha kutozwa kodi cha 68,500. Kwa kuwa hakijafika 96,700, mpaka wa kiwango cha sifuri kwa wanandoa mwaka huo, faida ya muda mrefu hailipiwi kodi ya shirikisho (ya serikali kuu) hata senti. Ingekuwa ya muda mfupi, wangetoa dola 1,200. Kodi ya jimbo ni habari nyingine: California inaitoza kama mshahara, Texas haitozi kabisa.

Ukipata hasara, inafuta faida kwanza. Ikibaki, unaruhusiwa kupunguza mshahara unaotozwa kodi kwa dola 3,000 tu kwa mwaka, nyingine unaisogeza mbele. Kikomo hicho kipo tangu 1978, na bei za vitu tangu hapo nadhani kila mtu anazijua.

Sasa kiwanja cha nyumbani, ambacho wengi hawakitaji mpaka niwaulize. Raia wa Marekani, au anayehesabiwa mkazi wake kwa ajili ya kodi, hutangaza kipato chake cha dunia nzima, na hesabu hufanywa kwa dola: bei ya kununua kwa kiwango cha fedha cha siku ile, bei ya kuuza kwa kiwango cha siku ya mauzo. Tuseme ulinunua kiwanja Kenya kwa shilingi 4,250,000, dola ikiwa 85, ukakiuza kwa 6,450,000 dola ikiwa 129. Tukiacha gharama ndogondogo, KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, inaona faida ya shilingi 2,200,000 na kudai asilimia 15, yaani 330,000. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inaona ulitoa dola 50,000 na umepokea dola 50,000. Faida hakuna.

Kwa kawaida kodi uliyolipa nje hupunguza ile ya Marekani, lakini hapa hakuna kodi ya Marekani, kwa hiyo uliyolipa Nairobi haina cha kupunguza huku kwa mauzo hayo. Lakini tunza risiti: unaweza kuisogeza mbele hadi miaka 10, ukaitumia siku utakapopata kipato kingine cha nje cha aina hiyohiyo.