Shida za mkojo za askari wastaafu si za bomu tu

Ukisikia mwanajeshi mstaafu wa Marekani ana matatizo ya njia ya mkojo, moja kwa moja unawaza bomu au risasi. Majeraha hayo yapo, tena mabaya: kati ya 2001 na 2013, wanajeshi wanaume 1,367 walisajiliwa kuwa wameumia viungo vya uzazi na mkojo katika vita vya Iraq na Afghanistan.

Lakini hospitali za wastaafu wa jeshi hugundua wagonjwa wapya wa saratani ya tezi dume karibu 15,000 kila mwaka. Hapo bado hujahesabu tezi iliyovimba bila saratani, ile inayomwamsha mzee usiku kila mara, asimame chooni huku mkojo ukitoka matone matone. (Wengi huona haya kusema.)

Umri ndio sababu kubwa. Sumu nazo zimo: Agent Orange iliyonyunyizwa Vietnam kuua mimea, ambayo orodha ya magonjwa yake yanayolipiwa fidia iliongezwa saratani ya kibofu mwaka 2021, wapiganaji wakiwa wazee; na maji machafu ya kambi ya Camp Lejeune, 1953 hadi 1987, yanayohusishwa na saratani ya figo na kibofu. Kambi hiyo ya jeshi iko North Carolina, Marekani kwenyewe, mbali na uwanja wowote wa vita.