Hamsini na sita ya kalenda ipi? Kumtafuta babu aliyevuka bahari

Bibi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye babu yake alitoka India, aliniletea bahasha ya kaki iliyokunjamana. Ndani mlikuwa na picha ya kijana aliyevaa kofia ya darizi, risiti mbili za nyumba, na kipande cha karatasi alichoandika marehemu baba yake kwa kalamu ya risasi: "Baba alifika mwaka wa hamsini na sita."

"Hapa ndipo tunapokwama, mwanangu," akaniambia. "Baba yangu kazaliwa hapa hapa Mombasa mwaka 1912. Babu atafikaje 1956?"

Ndugu zake walikwisha kujipa jibu: babu alikuja akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Lakini picha ilipigwa Mombasa, na kijana yule hata ndevu hazijamjaa. Nilimwomba yule mama asiitupe karatasi ile kamwe. Ndiyo iliyokuwa na habari ya maana kuliko vyote vilivyomo kwenye bahasha.

Watu wa Kutch na Gujarati, magharibi mwa India, walikuwa na kalenda yao, Vikram Samvat, inayoitangulia ya Miladia kwa miaka 56 au 57 kutegemea mwezi. Samvat 1956 ni 1899 hadi 1900. Huo ndio mwaka wa njaa kuu iliyoikumba Gujarati, Kathiawar, Kutch na sehemu nyingine nyingi za India baada ya mvua kukosekana. Wazee wa huko waliipa njaa hiyo jina la mwaka wenyewe: Chhappaniyo, yaani ya hamsini na sita. Kwa hiyo baba mtu hakukosea. Aliandika kama alivyosikia kwa baba yake, na ndani ya maneno yale mlikuwa na mwaka na sababu ya safari pia. Nimefanya kazi hii ya kufuatilia nasaba kwa miaka mingi, na bado naona watu wakisahihisha maneno ya wazee kabla ya kuyaelewa. Andika neno kwa neno kama lilivyosemwa, hata kama halikuingii akilini. Tafsiri itakuja baadaye.

Jambo la pili nililouliza ni kwao babu. "Bombay," wakasema wote kwa pamoja. Hili nalisikia karibu kila nyumba. Bombay ilikuwa mlango tu. Meli za kampuni ya British India zilianza kuhudumia Zanzibar tangu miaka ya 1870, na mtu wa kijiji cha mbali alipandia Bombay kama vile mtu wa Kwale anavyopandia ndege Mombasa. Wengine walishuka na majahazi ya kaskazi moja kwa moja kutoka Mandvi au Porbandar, na nakhodha hakuwa na haja ya kuandika majina ya abiria wake. Ndiyo maana siwapi watu matumaini makubwa ya kumpata babu kwenye orodha ya abiria. Kinachotafutwa ni jina la kijiji na jina la baba yake. Ukivipata viwili hivyo, umevuka bahari. Ukikosa kimojawapo, utamkuta mtu mwenye jina kama la babu yako katika kila bandari ya Gujarati.

Na jina la ukoo? Msilishikilie sana. Makarani wa enzi zile walimwandika mtu kwa jina lake na la baba yake, basi. Ramji mwana wa Kanji akawa Ramji Kanji. Mwanawe Premji akawa Premji Ramji. Na mjukuu anayetafuta "ukoo wa Ramji" anatafuta ukoo ambao haujapata kuwapo. Sisi wa pwani tunapaswa kulielewa hili haraka kuliko Mzungu yeyote, maana Ali bin Juma na mwanawe Salim bin Ali hawana jina la mwisho linalofanana, na hakuna anayeshangaa. Tahajia nayo inahitaji subira. Suleman, Suleiman, Sulemanji na Sleman wanaweza kuwa mtu mmoja ndani ya faili moja.

Watu wengi huniambia pia kwamba babu alikuja kujenga reli. Huenda, lakini tuangalie hesabu. Reli ya Uganda ilianza Mombasa 1896 na kufika Ziwa Victoria mwishoni mwa 1901. Vibarua wa mkataba walioletwa kutoka India walikuwa 31,983. Waliokufa ni 2,493, na waliobaki huku baada ya mikataba yao ni 6,724 tu. Wengi wao walitoka Punjab na walipakiwa Karachi. Babu wa Kutch mwenye duka, aliyeongea Kikutchi na kuweka hesabu zake kwa Kigujarati, uwezekano mkubwa ni kwamba alijilipia nauli mwenyewe au aliitwa na mjomba aliyetangulia. Lakini kama kwenu ni Makalasinga au Waislamu wa Punjab, hapo reli ina uzito, na mnayo bahati ambayo wengine hawana. Maofisa wa ardhi wa Punjab waliandika kwa kila kijiji shajra nasab, mti wa nasaba wa wenye mashamba, baba kwa mwana, kizazi baada ya kizazi, ili kujua nani anarithi kipande kipi. Neno lenyewe ni lile lile letu, shajara na nasaba, yote ya Kiarabu. Nimewahi kuona moja iliyoandikwa kwa Kiurdu, na pembeni ya jina la mtu karani ameandika kwamba hayupo kijijini, yuko Afrika. Kumbuka tu kwamba Punjab ilikatwa vipande viwili mwaka 1947, hivyo kijiji cha babu kinaweza kuwa Pakistan leo hata kama wakwe zake wako India. Familia za Kihindu zina njia nyingine: mapandit wa Haridwar, mji mtakatifu kando ya mto Ganga, wanaotunza madaftari marefu ya koo, yaliyopangwa kwa kijiji na ukoo, ambamo kila aliyekwenda kutupa majivu ya maiti wake mtoni huandikisha waliozaliwa na waliokufa. Sehemu ya madaftari hayo imepigwa filamu ndogo (microfilm).

Turudi kwa yule mama. Nilianzia makaburini. Jiwe la babu limeliwa na chumvi ya bahari, na mtu mmoja wa nyumbani alitaka kulisugua kwa brashi ya waya. Nikamzuia. Maji matupu, brashi laini, kisha subiri jua la alfajiri linalopiga kwa upande, au simamisha kioo urushe mwanga upite juu juu ya uso wa jiwe. Herufi hujitokeza zenyewe. Juu kulikuwa na mwaka wa Hijria, 1351, ambao unaanza Mei 1932. Chini kabisa, karibu na mchanga, mstari mmoja wa Kigujarati ambao familia imekuwa ikiuona miaka yote na kudhani ni nakshi. Ulikuwa na jina la babu, jina la baba yake, na neno Mundra. Mundra ni mji wa bandari huko Kutch.

Kwa mwaka wa kifo niliweza kuingia kwenye Gazeti Rasmi la serikali, lililoanza kuchapishwa 1899 na ambalo matoleo yake mengi ya zamani sasa yanasomeka kwenye intaneti. Watu hudhani ni sheria tupu. Ukurasa wa matangazo ya mirathi ni hazina: marehemu fulani, wa Mombasa, aliyefariki tarehe fulani, na nani anaomba kusimamia mali. Kutoka hapo nikaenda kwenye nyumba. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka watu wa pwani wadai viwanja vyao rasmi, na madai hayo yalibeba hati za zamani za Kiarabu zilizopitia kwa kadhi. Katika hati ya kununulia nyumba, babu ameandikwa "bin" fulani, al-Hindi, na jina la baba ni lile lile la kaburini. Nyaraka mbili zisizojuana zikisema neno moja, hapo ndipo naandika kwa wino.

Lakini nilikuwa na swali ambalo bahasha nzima haikuligusa. Kijana mpweke wa Mundra alifika 1900, na mwanawe akazaliwa Mombasa 1912. Mama wa mtoto ni nani? Nilipouliza, kimya kikaingia sebuleni. Kisha yule mama akasema taratibu, "Tuliambiwa alikuja naye."

Nimeshakutana na kimya hiki, na kinaniuma. Vizazi vinatumia fedha na miaka kumtafuta aliyevuka bahari, huku bibi aliyempikia, aliyemfundisha Kiswahili na kumzalia, hana hata jina kwenye mti wa ukoo. Mara nyingi hakuja na meli yoyote. Mwaka 1906 ilitungwa sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Kiislamu pwani, na daftari la ndoa humtaja bibi harusi pamoja na baba yake, kwa sababu baba ndiye walii, yaani anayemwozesha. Tulikaa siku tatu na madaftari, mwaka baada ya mwaka tukirudi nyuma kutoka 1912. Tulimkuta Hijria 1327, yaani 1909. Jina la Kiswahili, jina la baba yake liko wazi, na mahali: Kisauni.

Yule mama aliomba nimsomee tena. Nikasoma. Akatoa kalamu, akageuza ile karatasi ya baba yake, akaandika jina la bibi yake nyuma, kwa mkono unaotetemeka, kisha akaniuliza kama Jumatatu nina nafasi ya kwenda naye Kisauni.