Je, wajua kwa nini mtu huchoka na triathloni lakini akabaki na hamu ya kukimbia?

Triathloni humtaka mtu mmoja aogelee, aendeshe baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, huku saa ikiendelea kuhesabu hata anapobadilisha viatu. Wengi wanaoingia katika mchezo huu wakiwa watu wazima hutokea kwenye mbio za barabarani, na baada ya miezi kadhaa ya mazoezi hukutana na jambo linalowatia wasiwasi: siku ya bwawa wanatafuta udhuru, siku ya baiskeli wanaahirisha mpaka jua liwe kali, lakini siku ya kukimbia wanaamka kabla ya alfajiri bila kuamshwa na mtu. Wengi wao hujihukumu kuwa wavivu. Hukumu hiyo si ya haki, kwa maana uvivu haubagui zoezi hili na lile, ilhali hapa anayelalamika kwamba ari imemwisha ndiye yule yule anayemaliza kilomita 15 za Jumapili akiwa na furaha. Kilichomwisha ni kitu mahususi, na sababu zake zinaeleweka.

Mchezo wenyewe ulizaliwa kutokana na hamu ya wakimbiaji ya kupata mabadiliko. Tarehe 25 Septemba 1974, washiriki 46 walikusanyika Mission Bay, mjini San Diego, Marekani, katika shindano lililobuniwa na Jack Johnstone na Don Shanahan wa klabu ya riadha ya mji huo, na shabaha yake ilikuwa kuwapa wanariadha kitu tofauti na mazoezi makali ya uwanjani. Miaka michache baadaye, tarehe 18 Februari 1978, watu 15 walianza shindano la kwanza la Ironman katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, na 12 kati yao wakalimaliza. Waanzilishi wake, John na Judy Collins, waliunganisha mashindano matatu yaliyokuwa yakifanyika kisiwani humo: kuogelea baharini takriban kilomita 3.8, kuzunguka kisiwa kwa baiskeli takriban kilomita 180, na marathoni ya Honolulu yenye kilomita 42.195. Historia hiyo inaonyesha uzito wa mzigo anaoubeba mwanatriathloni wa leo, kwani kila sehemu kati ya hizo tatu ilikuwa shindano kamili lenye mabingwa wake, naye anatakiwa kuzimudu zote kwa mwili mmoja na kwa wiki ile ile ya siku 7.

Ari huanza kuvuja kwenye muda. Ratiba ya mazoezi huandika saa za kuogelea, saa za baiskeli na saa za mbio, lakini haiandiki saa zinazotumika kuyafikia mazoezi hayo. Zoezi la dakika 45 bwawani lina safari ya kwenda, kiingilio, kubadili nguo, kusubiri nafasi pale bwawa linapokuwa limejaa watoto wa shule, kuoga, na safari ya kurudi, hata likameza saa mbili na nusu za asubuhi. Anayeishi Zanzibar au Mombasa anayo bahari karibu, lakini bahari nayo ina ratiba yake: maji yakitoka hulazimika kutembea mbali juu ya mwamba na nyasi za bahari kabla ya kupata kina cha kuogelea, na siku inayofuata saa za maji kujaa zimekwisha kusogea. Baiskeli inataka tairi zijazwe upepo, mnyororo utiwe mafuta, na mpira wa akiba ubebwe kwa ajili ya pancha. Na huko Dar es Salaam au Nairobi, baiskeli inataka pia mtu awe amekwisha kurudi nyumbani kabla ya malori, daladala, matatu na bodaboda kuijaza barabara ambayo mara nyingi haina njia ya baiskeli. Hofu hiyo ya barabara ni halali kabisa, nami siioni kuwa udhaifu wa moyo. Kukimbia, kwa upande wake, kunadai kufunga kamba za viatu na kutoka mlangoni. Kila hatua inayosimama kati ya uamuzi na tendo ni nafasi mpya ya kughairi, na mkimbiaji ana nafasi chache mno za kughairi.

Sababu ya pili imo ndani ya maji yenyewe, na naona ndiyo inayopuuzwa zaidi. Maji yana uzito wa takriban mara 800 ya ule wa hewa kwa ujazo ule ule, na ukinzani wake huongezeka kwa kadiri ya mraba wa kasi, yaani anayetaka kwenda kwa kasi maradufu hukabiliwa na ukinzani wa takriban mara nne. Kwa hiyo nguvu peke yake haimsaidii sana muogeleaji. Kinachomsaidia ni namna anavyolaza mwili, anavyopumua bila kuinua kichwa, na anavyoyashika maji kwa kiganja na mkono wa mbele. Ufundi huo hujengeka kwa urahisi zaidi utotoni. Mtu mzima aliyejifunza kuogelea akiwa na miaka 35 anaweza kufanya bidii kwa miezi, akatoka bwawani akihema, na kuona muda wake wa mita 100 haujasogea. Katika kukimbia jibu huja mapema zaidi: baada ya wiki chache za mazoezi ya utulivu, njia ile ile inakuwa fupi, na mlima uliokuwa ukimsimamisha unapandwa bila kusimama. Ni tabia ya binadamu kurudi mahali ambapo juhudi zake zinaonekana.

Mgawanyo wa umbali huongeza tatizo. Katika triathloni ya Olimpiki, iliyochezwa kwa mara ya kwanza Sydney mwaka 2000, mshindani huogelea mita 1,500, huendesha baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10. Baiskeli peke yake huchukua takriban nusu ya muda wote, na hivyo maandalizi ya busara huipa sehemu kubwa ya wiki. Mkimbiaji aliyeingia kwenye mchezo huu kwa sababu anapenda kukimbia hujikuta zoezi alipendalo limebakiwa na muda mdogo, tena mara nyingi analifanya mara tu baada ya kushuka kwenye baiskeli, miguu ikiwa mizito na hatua zikigoma kufunguka. Anakuwa amekipoteza kilekile alichokuja nacho.

Hapa saikolojia ina la kusema. Mwaka 1971 mtafiti wa Marekani Edward Deci alichapisha matokeo ya majaribio aliyowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu kwa kutumia fumbo la kupanga vipande vya mchemraba. Waliolipwa kwa kutatua fumbo, malipo yalipoondolewa, walipunguza muda waliolichezea kwa hiari, kana kwamba ujira ulikuwa umeila ile raha ya mwanzo. Baadaye Deci na mwenzake Richard Ryan walijenga nadharia inayosema kwamba ari ya kudumu hutegemea mahitaji matatu: kujiona unajiamulia mwenyewe, kujiona unaweza, na kujiona una watu. Mazoezi ya triathloni yanaweza kuyabana yote matatu kwa pamoja. Ratiba iliyojaa inaamua badala ya mtu, maji yanamwambia kila siku kwamba hawezi, na saa zake za ajabu zinamtenga na wenzake, kwa sababu ni vigumu kumpata jirani mwenye bwawa, baiskeli ya mashindano na nafasi ya kazini vinavyolingana na vyake. Wakati huo huo, katika miji mingi ya Afrika Mashariki vikundi vya kukimbia vinakutana Jumamosi asubuhi bila masharti, na mashindano kama Kilimanjaro Marathon ya Moshi huwakutanisha maelfu ya watu wa viwango vyote. Kwa aliyeingia triathloni kwa ajili ya medali moja tu, mambo ni magumu zaidi: akishaivaa shingoni, sababu ya kuamka saa kumi na moja alfajiri inakuwa imeondoka nayo.

Wapo wanaoeleza jambo hili kwa kemia ya ubongo, na maelezo yao yana ukweli ndani yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na David Raichlen na wenzake ulionyesha kwamba binadamu na mbwa, ambao ni viumbe wa kukimbia masafa marefu, hupata ongezeko la kemikali za mwilini zinazofanana na zile za bangi baada ya kukimbia kwa kasi ya wastani, ilhali fereti, mnyama mdogo asiyekimbia masafa marefu, hakuonyesha ongezeko hilo. Hata hivyo, mazoezi mengine ya kustahimili, ikiwemo baiskeli, nayo yanaweza kuziongeza kemikali za aina hiyo. Kemia inaeleza kwa nini tunarudi mazoezini. Haielezi vya kutosha kwa nini tunaacha bwawa na kushika barabara. Kwa swali hilo, naona muda, ufundi na uhuru wa kujiamulia vina uzito zaidi.

Hata walio kileleni hubadilisha njia. Gwen Jorgensen wa Marekani, aliyeogelea na kukimbia akiwa chuo kikuu na kisha kufanya kazi ya uhasibu, alipata pancha katika Olimpiki ya London mwaka 2012 na kumaliza wa 38. Miaka minne baadaye, mjini Rio de Janeiro, alishinda dhahabu, ya kwanza kwa nchi yake katika triathloni. Mwaka 2017, baada ya kujifungua mtoto wake wa kwanza, alitangaza kwamba anaiacha triathloni na kuelekeza nguvu zake kwenye marathoni. Mwaka 2018 alikimbia marathoni ya Chicago, ambapo kwa upande wa wanawake Mkenya Brigid Kosgei aliibuka mshindi kwa saa 2:18:35, naye Jorgensen akamaliza wa 11 kwa saa 2:36:23. Mwaka 2019 alifanyiwa upasuaji wa kisigino, na mwishoni mwa mwaka 2022 akatangaza kurudi kwenye triathloni. Bingwa wa dunia aliruhusiwa kwenda na kurudi, na sioni kwa nini mtu wa kawaida anayefanya mazoezi baada ya kazi ajinyime ruhusa hiyo.

Ipo hali moja inayohitaji tahadhari. Ikiwa hamu imeondoka katika michezo yote mitatu, mapigo ya moyo ya asubuhi yamepanda kuliko kawaida, usingizi umeharibika, mafua hayaishi na kasi inashuka ingawa mazoezi yanaongezeka, tatizo linaweza kuwa uchovu wa mazoezi kupita kiasi au upungufu wa chakula kulingana na kazi ya mwili, hali ambayo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitolea mwongozo mwaka 2014. Kwa wanawake, kukoma kwa hedhi ni dalili isiyopaswa kupuuzwa hata kidogo. Huyo anahitaji mapumziko, chakula cha kutosha na daktari, na kubadilisha mchezo hakutamsaidia.

Aliyebaki na hamu ya kukimbia pekee naye ana jambo la kuangalia. Moyo na mapafu yake yamejengwa kwa saa nyingi za maji na baiskeli, kwa hiyo vinamruhusu kukimbia zaidi ya kile ambacho mifupa na kano zake zimezoea, na kila hatua ya mbio huupa mguu mzigo wa takriban mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kano na mifupa hujiimarisha polepole kuliko misuli na moyo, na wengi wanaohamia kwenye mbio kwa pupa huumia ugoko, kisigino au unyayo katika miezi ya mwanzo, wakati ule ule wanapojihisi wana nguvu kuliko wakati mwingine wowote. Saa zilizokuwa za baiskeli zisigeuzwe zote kuwa kilomita za mbio mara moja; umbali uongezwe kidogo kidogo, na siku moja ya wiki ibaki kwa baiskeli ya taratibu au maji, bila lengo la kasi, ili moyo uendelee kufanya kazi huku miguu ikipumzika kutokana na kishindo cha barabara.