Bakteriofaji ni nini, na zina kazi gani kwenye jibini?

Bakteriofaji, au faji kwa kifupi, ni virusi vinavyoshambulia bakteria peke yao. Seli za binadamu au za ng'ombe haziwezi kuzishambulia. Faji hujibandika kwenye ukuta wa bakteria, huingiza vinasaba vyake ndani, na bakteria huyo hulazimika kuzalisha faji mpya mpaka apasuke. Frederick Twort wa Uingereza alilieleza jambo hili mwaka 1915. Miaka miwili baadaye Félix d'Hérelle, akiwa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, akazipa jina.

Faji huchagua sana. Ya Listeria, bakteria anayeleta ugonjwa kupitia chakula, huua Listeria na kuwaacha wengine. Kwenye maziwa hilo ndilo linalotakiwa, maana mtindi na jibini hutengenezwa na bakteria. Dawa ya kuua kila kijidudu ingeua na kimea, yaani bakteria wanaotiwa kwenye maziwa ili yagande.

Adui anayewindwa zaidi ni Listeria monocytogenes. Joto la nyuzi 72 kwa sekunde 15 humuua, lakini anaweza kuingia baadaye kutoka kwenye mitaro ya sakafuni au mashine za kukatia, na jokofu halimzuii kuzaana. Jibini laini lenye unyevu humfaa mno. Mama mjamzito anaweza kuhisi homa kidogo tu, kumbe mimba iko hatarini. Mwaka 1985 huko Los Angeles, jibini laini la mtindo wa Meksiko liliua makumi ya watu, wakiwemo watoto wachanga.

Mwaka 2006 Marekani iliruhusu faji iitwayo P100, iliyotayarishwa na kampuni ya Uholanzi, itumike kwenye jibini. Hunyunyiziwa juu ya ganda, tena kwa wingi wa mamilioni, kwa sababu faji haiogelei wala haitambai. Humpata bakteria kwa kugongana naye tu.

Haifanyi kila kitu, na anayeiuza kama mwarobaini anadanganya. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus akishatoa sumu yake, faji haiigusi sumu hiyo, na hata kuchemsha hakuiondoi. Katika maziwa mabichi, protini hujibandika juu ya bakteria huyo na kuizuia faji isimshike, ndiyo maana kilichofaulu maabara kinaweza kushindwa kwenye ndoo. Pia kuna faji zisizoua mara moja bali hujificha ndani ya vinasaba vya bakteria, na baadhi hubeba jeni za sumu: sumu ya bakteria E. coli O157 ilitoka huko. Hizo hazifai kabisa kwenye chakula. Na kwa anayenunua maziwa mabichi mtaani, bado dawa ni sufuria na moto.

Kinachonichekesha ni kwamba wasindikaji wa maziwa walizijua faji kwanza kama balaa. Mwaka 1935 huko New Zealand, Whitehead na Cox walionyesha kuwa ndizo zilizokuwa zikiua kimea cha jibini. Maziwa yakikataa kuganda viwandani, hadi leo faji ni mshukiwa wa kwanza, na matangi huoshwa kwa dawa kali ili kuzimaliza. Katika vita hiyohiyo, mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya Danisco waligundua kwamba bakteria wa mtindi, Streptococcus thermophilus, huhifadhi vipande vya vinasaba vya faji zilizowahi kumshambulia ili azitambue zikirudi. Mfumo huo ni CRISPR, ambao sasa hutumika kuhariri jeni.