Herufi kubwa kwenye Kiingereza sio heshima

Jamani hii kitu naikuta sana kwenye barua za kuomba kazi, mtu kaandika "I am a hardworking Accountant with a Degree from a recognized University", ukimuuliza hizo herufi kubwa za nini anakwambia ni heshima, au eti neno lenyewe ni la muhimu. Hapana. Kwa Kiingereza herufi kubwa ni ya kuanzia sentensi na ya kuandikia jina la pekee, yaani mtu, mahali, taasisi, lugha, siku, mwezi, na vya namna hiyo. Neno kuwa la muhimu halihusiki kabisa.

Ila mazoea haya yana historia yake. Miaka ya 1600 na 1700 Waingereza wenyewe walikuwa wanazipa nomino nyingi herufi kubwa, hata katiba ya Marekani ya 1787 inaanza "We the People of the United States, in Order to form a more perfect Union", cheki hiyo Order na hiyo Union. Baadaye wakaacha. Wajerumani wanaendelea nayo mpaka leo kwa nomino zote, Wadenmark waliifuta 1948. Na ile "I" nayo sio majivuno, zamani ilikuwa "ic", ikapungua ikabaki "i" peke yake, na kijiherufi kimoja kwenye maandishi ya mkono kilikuwa hakionekani vizuri, wakakirefusha.

Sasa vyeo ndo vinanichosha. "President Nyerere" inachukua P kubwa kwa sababu cheo kimeshikana na jina, lakini "Nyerere was the first president of Tanzania" ni p ndogo, na hapo hujamvunjia Mwalimu heshima hata kidogo. Mama naye hivyo hivyo, "I called Mum" ni kubwa, "I called my mum" ni ndogo. Ukikwama weka jina la mtu pale uone kama linakaa: "I called Asha" sawa, "I called my Asha" inagoma, basi andika ndogo. Ziwa pia, "Lake Victoria" kubwa zote mbili, ukirudia kulitaja kwa "the lake" inashuka. Heshima ya kweli utaiona kwa Mungu, wapo wanaoandika "He" kwa H kubwa wakimtaja, na hata hapo sio wote.

Kwa hiyo pale juu ya barua kwenye anwani andika tu "Human Resources Manager", panaruhusiwa, ila ukishaingia ndani ya sentensi iwe "I spoke to your human resources manager", zote ndogo. Na kama umesoma accounting ni a ndogo, kama umesoma English ni E kubwa kwa sababu ni lugha.