Chembe hazishushi mvutano wa uso, tuache hilo

Wiki hii limenijia tena, safari hii kutoka kwa mtengenezaji wa losheni ambaye kazi yake naiheshimu: "Nimetoa emalsifaya nikaweka silika, maana nayo inashusha mvutano wa uso, tena ni ya asili." Haishushi. (Mvutano wa uso ni nguvu inayokaza mpaka kati ya mafuta na maji; emalsifaya ni kiungo cha jamii ya sabuni kinachoyachanganya; silika ni unga wa chembe ndogo ngumu.) Nimelisikia darasani, nimelisoma kwenye vipeperushi vya wauza malighafi, na nimechoka kulijibu kwa WhatsApp. Naliandika hapa ili kesho niwe natuma kiungo tu.

Sabuni mnaijua: kichwa majini, mkia mafutani, inajipanga mpakani, mvutano unashuka. Chembe ngumu haina kichwa wala mkia. Kinachoishikilia mpakani ni eneo. Ikikaa pale inaziba duara dogo ambalo mafuta na maji yangegusana, na mgusano huo una gharama ya nishati. Ukitaka kuing'oa, lipia duara hilo upya:

E = πr²γ(1 − |cos θ|)²

r ni nusukipenyo cha chembe, γ ni mvutano kati ya mafuta na maji, θ ni pembe ya mgusano ikipimwa upande wa maji, yaani kipimo cha jinsi chembe inavyolowa: ndogo inapenda maji, kubwa inapenda mafuta. Hebu tazama γ imekaa wapi. Inazidisha. Mvutano ukiwa mkubwa, chembe inang'ang'ania zaidi. Kama kazi yake ingekuwa kuushusha, ingekuwa inajilegezea kamba yenyewe.

Weka namba. Chembe ya nusukipenyo cha nanomita 10, mvutano wa milinewtoni 50 kwa mita (mafuta ya parafini na maji, takribani), pembe ya nyuzi 90: unapata kama 3,800 kT (kT ni kipimo cha nishati ya mtikisiko wa joto). Molekuli ya sabuni inashikiliwa kwa kT chache, pengine kumi na kitu, ndiyo maana inaingia na kutoka muda wote. Chembe ikishaingia haitoki kwa mtikisiko wa joto peke yake, ng'o. Lakini shusha pembe hadi nyuzi 30 na zinabaki kama 70 kT. Kwenye nyuzi 10 huna hata kT moja, chembe inaogelea zake majini.

Hapo ndipo huletewa grafu. "Mbona kipimo cha tone linaloning'inia kinaonyesha mvutano umeshuka?" Naam, kinaonyesha. Kwanza uliza chembe zilisafishwa vipi, kwa sababu mabaki kidogo tu ya emalsifaya kutoka kiwandani yanatosha kuishusha namba hiyo, na chembe zenyewe zikasingiziwa. Pili, kile kifaa hakipimi mvutano moja kwa moja. Kinapiga picha ya umbo la tone, halafu kinatafuta γ inayolingana na umbo hilo, kikidhani kwamba uso ni kimiminika mwanzo hadi mwisho. Chembe zikibanana, uso si kimiminika tena. Ukitaka kuona kwa macho yako, acha tone la mafuta likae kwenye ncha ya sindano ndani ya maji yenye chembe, kisha livute taratibu lirudi ndani. Tone safi linapungua huku likibaki laini. Hili linaota makunyanzi shingoni, ngozi inajikunja. Ukishaona makunyanzi, funga programu ya kifaa: namba inayotoa baada ya hapo ni ya kitu kingine. Wapo wanaosema tabaka lililobanana lina mvutano wake wa jumla ulio mdogo, kwa sababu chembe zinasukumana. Sina ugomvi nao, mradi wasiuite usabuni.

Hili si ubishi wa vitabuni tu. Kwa kuwa mvutano haushuki, chembe hazikusaidii kukata matone. Nguvu yote inatoka kwenye mashine. Mwiko hautoshi. Matone yakishakatika yanaendelea kuungana hadi kila moja lifunikwe vya kutosha, kisha yanasimama. Ndani ya mipaka hiyo, ukiongeza chembe mara mbili, kipenyo cha matone kinapungua kama nusu.

Emalsheni (mchanganyiko wa matone ya mafuta na maji) inayoshikwa na chembe huitwa ya Pickering, Mwingereza aliyeandika mwaka 1907 na aliyeshughulika na dawa za kunyunyizia miti ya matunda, ingawa Ramsden alimtangulia mwaka 1903. Kanuni ya mwaka 1923 ya Finkle, Draper na Hildebrand bado inafaa: kimiminika kinacholowesha chembe zaidi ndicho kinachokuwa nje. Chini ya nyuzi 90, mafuta ndani ya maji. Juu yake, kinyume.

Kwa hiyo "silika" peke yake haitoshi kuwa malighafi. Chukua chupa tatu za maji yaliyochujwa na mafuta ya parafini. Ya kwanza itie silika tupu, ya pili iliyofunikwa nusu kwa tabaka linalokataa maji, ya tatu iliyofunikwa yote isilowe maji. Tikisa kwa nguvu. Ya kwanza inatengana, ya tatu inatoa matone makubwa yasiyodumu, ya katikati ndiyo inayokaa. Na hiyo iliyokaa, kesho yake utakuta matone yamepanda juu, maji matupu chini, na mteja atapiga simu kwamba imeharibika. Iinamishe chupa taratibu: matone yanabiringika, kila moja kivyake. Yamepanda kwa sababu ni mepesi na makubwa, hayajaungana. Tibu kwa kuyafanya maji yawe mazito kama uji, kwa mfano kwa gamu ya zanthani kidogo, usikimbilie kurudisha emalsifaya.

Sasa niseme kinachonisumbua. Tunaandika θ kana kwamba tumeipima kwenye chembe yenyewe. Mara nyingi tumeipima kwenye kioo bapa kilichopakwa kitu kilekile, tukaomba Mungu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2012 lilifuatilia chembe zikiingia mpakani, likakuta zinasogea polepole mno, kiasi kwamba kutulia kabisa kungeweza kuchukua miezi. Losheni yako inauzwa kabla ya hapo. Tena karibu na nyuzi 90, chembe ukizitanguliza majini unaweza kupata aina moja, ukizitanguliza mafutani ukapata nyingine, kwa viungo vilevile. Fomula ile juu haina mahali pa kuweka mpangilio wa kutia viungo.

Na wale wanaotia setrimoni (emalsifaya yenye chaji chanya) kwenye silika tupu "kwa usalama": inaganda juu ya chembe na kubadilisha pembe. Kidogo kinaweza kuiokoa emalsheni, kikizidi kinaipindua au kinaivunja. Zinki oksidi ya losheni ya jua ina kisa hichohicho, kwa kuwa nyingi huja zimeshapakwa asidi ya steariki au silikoni. Ukinitumia swali, usiniandikie "zinki". Niandikie imepakwa nini, mafuta gani, na ulianza kuitia wapi.