Udumavu ni nini, na kwa nini unamfuata mtu mpaka ukubwani

Watu wengi wakisikia mtoto kadumaa wanajua ni ufupi tu, "mbona hata baba yake mfupi", hapana jamani. Kudumaa ni pale urefu wa mtoto unapokuwa chini sana ukilinganisha na umri wake, kwa sababu mwili ulikosa lishe au uliugua ugua kwa muda mrefu, na hasa ndani ya zile siku 1000 za mwanzo, yani tangu mimba inatungwa mpaka anatimiza miaka 2. Hapo ndo ubongo unajengwa kwa kasi, wakati huo ukipita umepita, huwezi kuja kufidia na nyama akiwa darasa la tano.

Na hauonekani kirahisi. Kliniki mtoto anatundikwa kwenye mzani, mama anauliza kilo ngapi, wanajaza kadi, anaondoka, wakati mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu yamejaa kabisa. Omba wampime na urefu, ni haki yako.

Sasa angalia hii. Utafiti wa kitaifa wa 2022 Tanzania ulikuta 30% ya watoto chini ya miaka 5 wamedumaa, ila Iringa ni karibu 57%, Njombe na Rukwa kama nusu hivi, na hiyo ndo mikoa inayolisha nchi mahindi! Kwa hiyo sio kwamba tumbo liko tupu, mtoto anashiba uji mtupu asubuhi na ugali mchana, maharage na mayai yameuzwa ipatikane hela ya mbolea, mama yuko shamba tangu alfajiri mtoto kaachiwa dada yake ambaye naye ni mtoto, maji ni ya mtoni, anaharisha leo anapona kesho anaharisha tena, na utumbo wa hivyo haunyonyi virutubisho vizuri hata umpe nini.

Shuleni anaitwa mzito wa kuelewa, anachapwa, na hili linaniuma sana. Ukubwani presha na kisukari vinampata kirahisi, hasa akinenepa. Binti akibeba mimba na nyonga ndogo uchungu unaweza kukwama, au anajifungua mtoto mwenye uzito pungufu, naye anaanzia nyuma.

Na lishe ya utotoni inagusa hadi kipato. Kule Guatemala, nchi ya Amerika ya Kati, kuanzia 1969 watoto wa vijiji vingine walipewa uji wenye protini, vingine kinywaji kitamu kisicho na protini. Wavulana waliopata ule uji kabla ya miaka 3, walipokuwa wanaume wazima malipo yao kwa saa yalikuwa juu kwa 46% hivi kuliko ya wale wa kinywaji kitamu.